Usimshushe Babu, pandisha sakafu: tundu la kinyonga mzee

*"Shikamoo daktari. Nina kinyonga dume wa Yemen, tumempa jina la Babu. Nilimpata akiwa mdogo, sasa anaingia mwaka wa saba. Tunaishi Minnesota, Marekani. Tangu baridi ianze amebadilika. Kiganja cha mkono wa kulia kimevimba, hashiki tawi vizuri, na mara mbili nimesikia kishindo usiku nikamkuta amelala chini ya tundu. Anarusha ulimi lakini mara nyingi anakosa. Tundu lake ni la wavu, kimo chake sentimita 120. Mume wangu anataka tumhamishie kwenye boksi la plastiki chini sakafuni, tumtandikie taulo, tumwekee bakuli la maji, na tuzime taa kwa sababu macho yamezeeka. Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, anasema kuyumba ndio mwendo wa kinyonga, tumwache. Nani yuko sahihi? Naweza kulibadilisha tundu amalize miaka yake bila kuumia?"*

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina mambo mawili ndani yake. Moja ni la tundu: Babu anaanguka na wewe hutaki aanguke. La pili ni la mwili: kwa nini anaanguka? Tundu nitalieleza kwa kirefu, lakini naanza na mwili, maana hata tundu zuri kiasi gani halitibu kiganja kilichovimba.

Umri wenyewe ni kweli mkubwa. Dume la kinyonga wa Yemen likitunzwa vizuri huishi miaka sita hadi minane. Jike hupungukiwa, kwa sababu kutaga humchosha hata akiwa peke yake bila dume. Kwa hiyo Babu ni mzee kweli, na kwa ukoo wa vinyonga ni mzee wa kuheshimiwa: kule Madagaska yuko mwenzake, Furcifer labordi, ambaye akishatoka kwenye yai humaliza maisha yake kwa miezi minne au mitano tu. Lakini uzee hauvimbishi kiganja kimoja. Uzee hupunguza kasi, hukausha ngozi, huongeza usingizi. Uvimbe una sababu yake, na sababu hiyo lazima itafutwe.

Mama hajakosea kuhusu kuyumba. Kinyonga mzima huenda mbele na nyuma kabla ya kila hatua, kama jani linalopigwa na upepo, na ndiyo maana adui humpita asimwone. Sasa mwangalie Babu akiwa ametulia, hana safari. Mwendo wa kinyonga huisha anaposimama. Ukiona miguu inatetemeka naye amekaa tu, au kiganja kinafumbuka chenyewe kikiwa juu ya tawi, hapo mwendo haumo tena, ni ugonjwa.

Kiganja kilichovimba kwa kinyonga mzee hunifanya niwaze mambo manne. Anaweza kuwa amevunjika alipoanguka mara ya kwanza, nawe hukusikia. Anaweza kuwa na usaha ndani, pengine kutokana na ukucha ulionyofoka kwenye wavu. Inaweza kuwa mifupa iliyolainika kwa kukosa kalsiamu na miale, yaani matege ya utu uzima. Na inaweza kuwa gauti, ambayo wazee wetu waliiita jongo. Kwa kuwa umesema mambo yalianza na baridi, hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi.

Kinyonga hakojoi maji kama sisi. Taka za protini huzitoa kama asidi ya uriki, ile sehemu nyeupe inayotoka pamoja na kinyesi. Ili figo ziisukume nje zinahitaji maji. Majira ya baridi nyumba za Minnesota hupashwa moto mchana na usiku, na hewa ya ndani hukauka hadi unyevu ukawa chini ya asilimia 30. Kinyonga anapoteza maji kila anapopumua, na akiwa mzee hata hamu ya kunywa hupungua. Asidi ile isipotoka hubaki kwenye damu, kisha hujenga vichembe kama chumvi kwenye viungo, hasa vya viganja na miguu. Inauma sana. Mnyama wa namna hiyo anaachia tawi kwa maumivu, wala si kwa uzembe. Angalia kinyesi chake leo: sehemu ile ikiwa nyeupe ni heri, ikiwa ya njano iliyoiva au ya rangi ya chungwa, maji hayatoshi.

Kati ya hayo manne siwezi kuchagua kwa barua, na daktari yeyote atakayechagua bila kumgusa Babu usimwamini. Inahitajika eksirei, damu ya kupima asidi ya uriki na kalsiamu, na pengine sindano ya kuchungulia ndani ya uvimbe. Huko Marekani tafuta daktari aliyejiandikisha na chama cha madaktari wa reptilia na amfibia, ARAV. Daktari wa mbwa na paka, hata awe hodari vipi, mara nyingi hajawahi kumshika kinyonga. Nenda wiki hii. Kabla ya hapo usimpe dawa ya maumivu ya binadamu, hata chembe, na usimwongezee kalsiamu na vitamini D3 kwa kudhani unamsaidia. D3 ikizidi hurundika kalsiamu kwenye figo zilezile tunazozihurumia.

Haya, tundu. Mumeo ameona jambo la maana: kimo ndicho kinachomuumiza Babu. Suluhisho lake ndilo nisilokubaliana nalo. Kinyonga ni mnyama wa juu. Kila kikubwa kinachomjia kutoka juu, akilini mwake ni ndege anayekuja kumla. Ukimweka kwenye boksi sakafuni, kila mtu anayepita, kila mtoto, kila mkono unaoleta chakula, ni mwewe. Atafanya rangi nyeusi, atafumba macho, ataacha kula, nanyi mtasema uzee umemzidi. Isitoshe plastiki haipitishi hewa, na taulo bichi ndani ya boksi ni shamba la bakteria.

Lakini tazama: kinachomvunja mbavu ni umbali kati ya tawi lake na mahali anapotua. Kinachompa amani ni umbali kati yake na sakafu ya chumba chenu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na unaweza kupunguza kimoja bila kukigusa kingine. Mwache Babu palepale alipo. Wewe pandisha sakafu.

Ndani ya tundu lako la sentimita 120, pitisha fito tatu za mianzi kutoka ukuta hadi ukuta, sentimita 60 kutoka juu, uzifunge kwa vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya. Juu yake laza wavu wa plastiki wa bustani ulio mgumu, wenye matundu madogo, kisha taulo nene lililokunjwa mara mbili. Nusu ya chini iache tupu, maji yashukie huko. Tawi la juu kabisa liwe sentimita 30 kutoka juu ya tundu, na hivyo akianguka ataanguka sentimita 30 kwenye kitu laini. Taulo libadilishwe kila siku. Usitumie chandarua, ingawa najua kila nyumba ya Mtanzania ughaibuni ina kimoja kabatini: nyuzi zake nyembamba hunasa kucha, naye akijivuta hukinyofoa kidole. Udongo, maranda na changarawe pia usiweke, atavilamba pamoja na mdudu.

Faida kubwa ya kupandisha sakafu ni taa, na hapa ndipo wengi wenye nia njema huharibu. Wanashusha matawi kwa huruma, taa wanaiacha juu. Miale ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho yetu, ndiyo inayoifanya ngozi ya kinyonga itengeneze vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayomnyunyizia kwenye wadudu hupita tumboni bila kuingia mwilini. Miale hiyo hupungua haraka kwa umbali: ongeza umbali mara mbili nayo inashuka kwa nusu au zaidi. Kinyonga aliyekuwa sentimita 25 chini ya taa, ukimshusha sentimita 60 nyingine, kwa hesabu za mwili wake umemzimia jua. Miezi michache baadaye mifupa inalainika, na mwenye mnyama anashangaa, maana alimshusha ili asivunjike.

Kwa hiyo taa ya mrija aina ya T5, yenye nguvu ya UVB ya asilimia tano au sita, ibaki juu ya wavu, na mgongo wa Babu uwe sentimita 20 hadi 25 chini yake. Ukipata kipimo cha miale cha kuazima, mimi kwa mzee anayekaa mahali pamoja muda mrefu huridhika kikisoma kati ya 2 na 3 kwenye fahirisi ya UV (UV Index). Mrija wenye zaidi ya mwaka mmoja ubadilishe hata kama unawaka vizuri. Jicho lako linaona mwanga, haliwezi kuona UVB iliyokwisha. Dirisha halisaidii, kioo huizuia miale hiyo. Na suala la kuzima taa kwa ajili ya macho, mumeo aniwie radhi, ni kinyume kabisa. Kinyonga hupima umbali wa mdudu kwa kulenga jicho kama kamera. Ukimpunguzia mwanga umempunguzia shabaha.

Taa ya joto ni hadithi nyingine, hiyo iogope kidogo. Kwenye tundu refu kinyonga alijipoza kwa kushuka na kujipasha kwa kupanda. Sasa umemwondolea ngazi hiyo, basi mpe joto na ubaridi kwa upana: taa ya joto kona ya kulia, majani mengi na kivuli kona ya kushoto. Kinyonga wa Yemen ana ule mfupa mrefu uliosimama kichwani kama kilemba. Huo ndio ulio karibu na taa kuliko kiungo kingine chochote, na huungua kabla mwili haujapata joto la kutosha. Kijana huondoka upesi. Mzee mwenye maumivu huona uvivu wa kuondoka, akakaa hadi ngozi ikageuka kahawia. Kwa Babu nisingepita nyuzi 29 za Selisiasi pale anapoota, zipimwe kwenye usawa wa ncha ya kilemba, na taa iwe na kidhibiti joto. Usiku zima kila kitu, ikiwemo ile taa nyekundu wanayowauzia watu. Nyuzi 18 hadi 20 zinamtosha kulala.

Matawi sasa. Ukikiangalia kiganja cha kinyonga utaona vidole vitano vimefungwa mafungu mawili, kama koleo. Mkononi mafungu ni matatu ndani na mawili nje, mguuni ni mawili ndani na matatu nje. Koleo hilo lina nguvu linapokaribia kufunga. Tawi nene mno haliwezi kulizunguka. Tawi jembamba mno hubana sehemu ileile ya kiganja, na kwa kiungo kilichovimba hayo ni mateso. Chagua lenye unene ambao mafungu yake mawili yanakaribia kukutana upande wa chini. Yote yawe ya kulala au yenye mteremko mdogo sana, yasiwepo ya kusimama.

Kisha mtengenezee ninachokiita ngazi iliyolazwa. Matawi mawili sambamba, yameachana kama sentimita nane, na vijiti vya kuunganisha kila baada ya hatua yake moja. Kinyonga mwenye mkono mmoja mbovu ana miguu mitatu na mkia, na mkia wake ni mkono wa tano kwa kweli. Kwenye tawi moja, mguu ukiteleza hana cha kudaka. Kwenye ngazi, tumbo linapata pa kuegemea na mkia unapata kijiti cha kuzunguka. Katika marekebisho yote ninayoyapendekeza kwa vilema, hili ndilo nililoliona likibadilisha maisha ya mnyama ndani ya siku moja.

Gome liwe la kukwaruza. Tawi laini lizungushie ile bendeji inayojishika yenyewe, wanayofungia farasi. Mama, kwa kuwa ni wa Tanga, atakwambia kamba ni ya mkonge na nyingine ni maigizo. Kwa mashua namkubalia. Kwa Babu hapana: nyuzi za mkonge huchomoka, hujizungusha kwenye kidole, na kidole cha kinyonga kikikosa damu siku mbili hukauka na kudondoka.

Maji: lile bakuli liondoe. Kinyonga hayatambui maji yaliyotulia, anatambua tone linalong'aa kwenye jani, na mnyonge akitumbukia bakulini hatoki. Toboa kikombe cha plastiki kwa pini, kijaze, kiweke juu ya wavu kidondoke polepole kwenye jani lililo mbele ya uso wake, dakika 20, asubuhi na jioni mapema. Nyunyiza majani alfajiri kabla taa hazijawaka. Funika pande tatu za tundu kwa plastiki nyembamba ili unyevu usikimbilie kwenye vipasha joto vyenu, lakini juu na mbele paache wazi, hewa ipite. Ukimsaidia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka tone kwenye ukingo wa mdomo alambe mwenyewe. Usimpulizie kinywani, njia yake ya hewa iko karibu sana na ulimi. Na usimwogeshe kwenye beseni, hata ukiona mtu anafanya hivyo kwenye video akisifiwa.

Kuhusu ulimi, umeniambia unakosa. Nataka uangalie unakosa vipi, kwa sababu kila namna ina chanzo chake. Ukienda pembeni ya mdudu, tatizo ni jicho. Ukiishia njiani, nguvu zimepungua, na mara nyingi ni kalsiamu. Ukimfikia mdudu kisha ukateleza, ute umekosa kunata: kawaida ute huo ni mzito kama mara 400 kuliko mate ya mtu, na hupungua mnyama akikaukiwa maji au akikosa vitamini A. Tena watafiti waliowapima vinyonga hawahawa wa Yemen waliona kwamba baridi haiudhuru sana ulimi unaporushwa, maana hufyatuka kama upinde, lakini huchelewesha sana kuurudisha, maana kurudisha ni kazi ya misuli. Ulimi wake ukining'inia nje baada ya kurusha asubuhi, kwanza mwache aote joto saa nzima ndipo umpe chakula. Mrekodi kwa simu, daktari wako atakushukuru.

Wakati huo mlishe kwa kikombe. Kiwe cheupe ndani, kuta zake zisizoonyesha, kifungwe kwenye ngazi usawa wa kifua chake, umbali wa kidole kimoja kutoka mdomoni ikibidi. Wadudu watano au sita kila siku ya pili au ya tatu wanamtosha mzee. Protini nyingi ni mzigo kwa figo. Wale viwavi wakubwa wa kijani wanaouzwa madukani huko kwenu wana maji mengi, mchanganyie na nyenje. Jioni toa kila nyenje aliyebaki. Nyenje wenye njaa humtafuna kinyonga aliyelala, na Babu hana uwezo wa kuwakimbia.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anayenifuata hapa akifikiria kumchukua wa porini: sheria za wanyamapori zinataka kibali, na kinyonga wa mpera wako ana maisha mazuri mperani.

Babu mpime uzito kila Jumapili kwa mizani ya jikoni, kwa gramu, uandike. Akipoteza asilimia 10 ndani ya mwezi, sisubiri. Macho yaliyofumbwa mchana, kulala chini bila kujaribu kupanda, mdomo wazi akipumua bila kuwa na joto, damu au uvimbe unaokua: siku hiyohiyo. Na utafika wakati, labda si mwaka huu, ambapo hatashika hata ngazi, hatafungua macho kwa mdudu anayempenda, na dawa ya maumivu haimpi nafuu. Hapo kumsindikiza kwa sindano ya daktari ni huruma. Kumtia kwenye friza afe kwa baridi, jambo ambalo watu wa zamani walilishauri, si huruma.

Kwa safari ya wiki hii: washa gari dakika 15 kabla, mkalishe Babu kwenye boksi dogo lenye kijiti kifupi kilichofungwa imara karibu na taulo, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa nje ya boksi, isimguse. Funika apate giza. Chukua picha ya tundu lote pamoja na pakiti za taa na za unga wa kalsiamu, na kinyesi cha asubuhi ndani ya kichupa. Mume abaki nyumbani afunge fito.